Njuga za Nguzo ya Nne

Yule mama wa Nyasura aliyemwandikia mhariri kwamba mimi Kasmiri ni mwongo, na kwamba dari la magunia haliwezi kubebwa na ubao, amepata nusu. Mwongo nilikuwa. Dari lilibebwa. Lilibebwa siku kumi na moja, na leo naungama ya siku ya kumi na mbili.

Kwa waliochelewa kuanza kunisoma: mwaka ule wa sabini na tano nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mzaliwa wa Makoko, nikapewa kazi ya ghala la pamba katika kijiji cha ujamaa cha Nyabuhuru, njia ya kutoka Bunda kwenda Butiama. Ndani ya ghala kulikuwa na dari la mbao la kupangia magunia, limebebwa na boriti za chuma juu ya nguzo nne za chuma. Vyuma vyote, vya rangi ya bluu mpaka ndani, vilikuja kwa meli mpaka Musoma vikiwa vimeshakatwa, kila kipande na namba yake. Hakikubaki hata kipande cha kutengenezea kisu.

Na mimi nilikuwa nampenda Petronila.

Baba yake, Mzee Wanzagi, kiongozi wa kundi la ngoma, hakutaka kusikia habari za ng'ombe kabla hajaona kazi ya mikono yangu. Aliniambia, "Nitengenezee njuga za wachezaji kumi na sita, kila mguu moja. Zilie mpaka Nyegina wazisikie. Zikilia vizuri tutakaa tuongee mahari. Zikilia vibaya usipitage tena kwangu."

Chuma sikuwa nacho. Basi nikafungua vibati viwili vya pembetatu vya nguzo ya nne, vile vinavyokazwa kwapani, pale boriti inapokutana na nguzo. Nikavipeleka kwa mhunzi, tukavichoma moto na kuvigonga hadi vikawa vyembamba, tukapata njuga kumi na sita. Nusu ya deni la mzee. Pale kwapani nikaweka vibao viwili vya mvule, nimevikata kwa kipimo kilekile, nikavikaza kwa nati zilezile.

Nilimpelekea mzee zile kumi na sita nikaapa nyingine zinakuja. Siku tatu baadaye Petronila akaniambia, "Baba ameridhika. Usijisumbue tena." Nikadhani moyo wa mzee umelainika. Nikala sato mzima peke yangu siku hiyo kwa furaha.

Hapo ndipo tulipofika. Sasa twende.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa siku ya kufungua ghala. Mgeni rasmi anatoka mkoani. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Ndugu Magige, alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: akisikia mgeni anakuja, anapaka chokaa. Alipaka mawe ya barabarani. Alipaka mashina ya miti. Alipaka jiwe la kusagia la mama mmoja akidhani ni la barabarani, tukala ugali wenye chokaa siku mbili.

Nguzo zangu nazo akaamuru zipakwe, na boriti, na kila kilichosimama. Nilitamani kumbusu. Chini ya chokaa ubao na chuma ni ndugu, hakuna wa kuwatenganisha.

Petronila mwenyewe alikuwa anapaka nguzo ya tatu, mikono myeupe mpaka viwikoni.

"Nikusaidie?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Kwapani huko juu hufiki vizuri."

"Nimeshafika, Kasmiri. Nenda kapake ya kwako."

Nikaenda nikicheka. Ndani ya debe lake la chokaa nilikuta spana yangu ndogo, niliyokuwa nimeitafuta siku nyingi. Nikaifuta, nikaitia mfukoni, nikasahau.

Saa tatu asubuhi akafika Injinia Danford kutoka Mwanza, kijana mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni. Hakusalimia sana. Alitoa spana yake, akapanda ngazi, akaanza kugonga vibati vya kwapani.

Nguzo ya kwanza: ngaa, ngaa. Nguzo ya pili: ngaa, ngaa.

Akasogeza ngazi kwenye nguzo ya tatu. Mimi nilikuwa natazama ya nne, na miguu yangu ilikuwa imeshaanza safari ya kurudi Makoko bila mimi.

"Ndugu Injinia," Magige akaja mbio, ameshika brashi. "Ndugu Injinia, usigonge. Chokaa inachubuka."

"Napima vyuma, Mwenyekiti."

"Pima kwa macho. Mgeni akikuta madoa nitamwambia nini?"

Danford akamtazama, akaitazama brashi, akaamua maisha ni mafupi. Akashuka, akaiacha ngazi palepale kwenye nguzo ya tatu. Vijana wa kupandisha magunia wakaifunga kwa kamba iwe ya kupandia darini.

"Sawa," akasema. "Chokaa ikae. Tena itanisaidia. Fundi, njoo nikuonyeshe kitu."

Nikaenda. Ukiwa na ubao kwapani unakuwaga na adabu sana.

"Unaona hii boriti imekuja kushika nguzo? Imechomelewa sahani mwishoni, sahani imekazwa na bolti sita. Mzigo ukikaa katikati ya dari, boriti inataka kuinama. Ikiinama, huku kwenye nguzo sahani inavutwa juu, inagandamizwa chini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Juu inataka kufunguka mdomo. Chini inataka kusaga. Ndiyo maana chini tumeweka hivi vibati, vipokee ule mgandamizo. Sasa chuma kikizidiwa hakikatiki hapo hapo. Kinavutika kwanza. Na chokaa haijui kuvutika. Kwa hiyo ukiona chokaa inabanduka kwa mistari, mistari, kama mtu ameichora kwa rula, ujue hapo chuma kimeanza kukubali kushindwa."

"Halafu?"

"Halafu unatoka chini yake. Chuma kizuri kinaaga kabla ya kuondoka. Ni sisi tu hatusikilizi."

Nilicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa. Akanitazama. Nikakohoa.

Wakapandisha magunia. Kumi, ishirini, arobaini. Nilisimama chini ya nguzo ya nne nimeinua uso kama kuku anayekunywa maji. Hamsini. Sitini. Danford akazunguka na daftari, akitazama chokaa kila pembe. Haikudondoka hata punje.

"Safi," akasema. "Kazi nzuri, fundi."

Ndugu zangu, sijawahi kulewa kama nilivyolewa na maneno hayo matatu. Ubao wa mvule umebeba magunia sitini. Nikajiona nimewazidi hao wa Mwanza na kalamu zao. Nikamkuta Petronila nje, nikamshika mkono mbele ya watu.

"Limesimama," nikamwambia.

"Lote?" akauliza.

"Lote."

Akafunga macho, akapumua, akacheka na yeye. Sikujiuliza kwa nini alikuwa ameshika pumzi.

Nikarudi kwa Danford na kifua mbele. "Kwa hiyo Injinia, hata vile vibati vya kwapani vingepungua kidogo, dari lingebeba tu?"

"Kwa magunia, labda. Gunia ukiliweka linakaa. Vile vibati ni vya mtikisiko. Kwa kitu kinachorukaruka." Akafunga daftari lake. "Lakini nani atarukaruka ghalani?"

Mvua ikaanza saa sita. Ilitoka ziwani bila taarifa, na kwa nusu saa uwanja wa sherehe ukawa tope la kulimia mpunga. Chokaa ya mawe ya barabarani ikayeyuka, ikatiririka mpaka mtaroni, na Magige akasimama mlangoni akiitazama kama mtu anayezika.

Gari la mgeni rasmi likaingia palepale. Mgeni akashuka, mtu mnene mpole, suruali imekunjwa hadi magotini.

Magige akageuka kutukabili, na nikaona kwenye macho yake wazo likizaliwa. Niliomba lisiwe hilo. Lilikuwa hilo hilo.

"Wageni wote ndani ya ghala," akatangaza. "Magunia yashushwe, wageni wakalie. Ngoma ichezwe juu ya dari. Lile dari liko wazi kwa mbele, litakuwa jukwaa. Mgeni atatazama juu kama anaangalia sinema."

"Mwenyekiti," nikasema, "juu kuna vumbi."

"Limefagiliwa."

"Mbao zinateleza."

"Wana njuga, hawatelezi."

Dakika kumi baadaye wanaume kumi na sita walikuwa juu. Wa kumi na sita, mbele ya wenzake, ni Mzee Wanzagi na fimbo yake ndefu na kofia nyeusi. Chini ya ukingo wa mbele wa dari, shingo zimepinda kutazama juu, mgeni rasmi na Danford na wazee kwenye viti, na wengine kwenye magunia, na akina mama wa kupiga vigelegele wakiwa nyuma ya kiti cha mgeni. Petronila alikuwa katikati yao.

Mzee akainua fimbo. Miguu thelathini na miwili ikashuka pamoja.

Nyie, zile njuga zililia. Zililia mpaka mbwa wa kijiji wakatoka mvuani. Kwa robo dakika nilisahau kila kitu. Nilijivuna tu, nikajiambia kwamba hizo ni zangu, hao wa Nyegina wanazisikia huko, ng'ombe wanaongewa leo leo. Nilishangaa kidogo kwamba njuga kumi na sita zinaweza kujaza ghala namna ile. Nikasema moyoni kwamba mkono wangu una baraka.

Halafu kitu kikaniangukia puani.

Nikakifuta. Cheupe. Nikatazama juu.

Kwenye nguzo ya nne, pale sahani ya boriti inaposhika nguzo, chokaa ilikuwa imebanduka kwa mstari mmoja ulionyooka. Pembeni yake mstari wa pili. Miguu ikashuka, ukaja wa tatu. Ilikuwa mistari ya rula kabisa, ile ile ya Danford.

Nikarundika magunia mawili yaliyokuwa wazi, nikapanda kama nataka kuona ngoma vizuri. Kule juu ya sahani, kati ya sahani na nguzo, kulikuwa na upenyo. Nilikuwa na wembe mfukoni wa kuchongea penseli. Nikaupenyeza. Ukaingia.

Chini, kwenye kwapa, vibao vyangu vya mvule vilikuwa vinalia. Kila miguu ikishuka vinasema kri, kri, na nyuzi za ubao zinatoka pembeni. Chini kunasagika, juu kunafunguka. Kila alichokisema yule kijana kilikuwa kinatendeka mbele ya pua yangu, hatua kwa hatua, utadhani kimesoma daftari lake.

Nikatoa njiti ya kiberiti. Ikaingia nayo.

Nikashuka mbio mpaka kwa Magige. "Ndugu Mwenyekiti, ngoma isimame."

"Isimame kwa nini? Mgeni anapiga makofi."

"Chokaa inadondoka."

"Chokaa tunayo pipa zima. Kesho tutapaka."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo pa kuungama. Danford alikuwa amekaa hatua tano tu kutoka kwangu, mgongo wake kwenye nguzo ya nne, akimweleza mgeni habari za vyuma. Neno moja sikioni mwake lingetosha. Sikulisema. Niliona akipanda ngazi, akikuta ubao, akiuliza ni wa nani. Nikaona uso wa Mzee Wanzagi. Nikamwona Petronila akiozwa kwa tajiri fulani mwenye maduka Bunda. Watu zaidi ya hamsini chini ya dari, na yeye mmoja wao, na mimi nikawa napima aibu yangu kwanza.

Niliwaza hivyo kwa muda wa mapigo kama kumi ya miguu. Nimeyahesabu tangu hapo mara nyingi sana.

Halafu unga wa chokaa ukamwangukia Petronila kwenye nywele, akaupangusa akicheka, na mimi nikakimbilia ngazi.

Kule kwetu ngoma ya mgeni haikatizwi na mtu yeyote. Si mwenyekiti, si mgeni mwenyewe. Inasimama tu kiongozi akilaza fimbo yake chini. Ukipiga kelele isimame watakudhania umeguswa na mori wa ngoma, wataongeza mwendo. Kwa hiyo dawa ilikuwa moja: nipande juu, niongeze na uzito wangu mimi mwenyewe kwenye dari linalokufa, nikamwombe mzee.

Nilipotokeza kichwa juu wachezaji wakafurahi. "Fundi naye," wakaitikia, wakanivuta mkono, wakaniweka mstari wa mbele. Huko chini nikasikia mgeni rasmi akisema, "Huyu ndiye aliyejenga? Vizuri sana." Makofi yakapigwa.

Ikabidi nicheze. Nilicheza kwa ncha za vidole, kama mtu anayetembea juu ya mayai, na watu wakadhani ni mtindo mpya wa Makoko. Wawili pembeni yangu wakauiga. Niliwabariki hao wawili.

Nikacheza hadi kwa Mzee Wanzagi.

"Mzee," nikasema, "laza fimbo."

"Bado."

"Mzee wangu, nakuomba. Nguzo inafunguka."

"Nguzo umejenga wewe."

"Ndiyo."

"Sasa inafungukaje?"

Miguu ikashuka. Nikasikia kri chini ya mbao, ndefu kuliko zote.

"Kuna vyuma nilivitoa. Viwili. Vya kukaza kwapa."

"Viko wapi? Virudishe."

"Viko miguuni kwenu, mzee."

Hakuacha kucheza. Alitazama miguu yake. Akatazama miguu ya vijana wake mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Sijui aliona nini, lakini mdomo wake ulitetemeka, na mimi nikajua binti nimemkosa na maisha pia nakaribia kuyakosa, yote kabla ya chakula cha mchana.

Alimaliza mzunguko. Kiongozi hakati mzunguko. Hatua nne zilizobaki zilikuwa ndefu kuliko mwaka mzima wa kidato cha kwanza. Kisha akainama, akalaza fimbo.

Njuga zikakoma, tukaisikia mvua.

Halafu mlio: paa!

Lilikuwa bolti la juu la nguzo ya nne. Kichwa chake kilikatika, kikaruka, kikapiga bati la ukuta, kikarudi, kikatumbukia ndani ya glasi ya soda ya mgeni rasmi. Paa, la pili. Dari likashuka upande mmoja, shubiri nzima, wote tukapiga magoti. Kisha likakwama. Bolti za chini zilikuwa bado zimeshika, boriti inaning'inia kama mlango uliobaki na bawaba ya chini. Ilipinda, haikukatika. Mungu awabariki waliokiyeyusha chuma kile, popote walipo.

Mgeni rasmi akachungulia ndani ya glasi yake.

"Ndugu Mwenyekiti," akauliza, "hii imo kwenye ratiba?"

"Imo, Ndugu Mgeni Rasmi," akajibu Magige, jasho linamtoka.

Danford alikuwa ameshasimama. Hakupiga kelele. "Walio chini ya dari watoke, taratibu, bila kukimbia. Walio juu sogeeni kwenye ngazi, upande wa nguzo ya tatu. Mshuke mmoja mmoja. Asirukeruke mtu."

Wageni wakatoka hadi mlangoni, Petronila na wale akina mama kati yao. Sisi wa juu tukatambaa kuelekea nguzo ya tatu. Mimi nilishushwa wa kwanza kwa sababu, alivyosema Danford, fundi anatakiwa chini kujibu maswali.

Alikuwa amekwisha kupanda yale magunia yangu. Akashuka na kipande cha ubao wa mvule mkononi, kimesagwa upande mmoja hadi kimekuwa kama ufagio, upande mwingine bado cheupe kwa chokaa. Akakiinua.

"Nani ameweka hii?"

Ghala zima likanitazama. Nikamtazama Petronila. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga.

Nikasema yote. Nilisema mbele ya mgeni, mbele ya mwenyekiti, mbele ya akina mama wote wa Nyabuhuru. Njuga, mhunzi, vibao, magunia sitini, jeuri yangu, na yale mapigo kumi ya miguu niliyokaa kimya. Nilisema kwa kasi kama mtu anayetapika, na nilipomaliza nikahisi mwepesi ajabu, mwepesi mpaka nikataka kucheka.

Hakuna aliyecheka. Mgeni rasmi akaiweka glasi yake chini.

Ndipo sauti ikatoka juu ya dari. "Mwacheni."

Ni Mzee Wanzagi. Wachezaji walikuwa wanashuka, yeye ameketi ukingoni akisubiri zamu yake, kwa sababu kiongozi anashukaga wa mwisho na fimbo yake.

"Mwacheni huyo kijana. Ni mjinga, lakini alipanda. Angeweza kukimbilia mlangoni, akapanda. Na njuga zimelia." Akaanza kucheka, kicheko cha mzee, chembamba, kinachoshika watu wengine. "Zimelia mpaka zimevunja nyumba. Wapi mmeona njuga za namna hiyo? Kasmiri, nikishuka tutaongea ng'ombe."

Hapo ghala likapasuka kwa kicheko. Vigelegele vikapigwa. Hata Magige akacheka, hata mgeni. Mimi nililia waziwazi, bila aibu, machozi na chokaa vikawa uji usoni. Nilikuwa nimepoteza kazi, kadi ya ufundi na jina, na sikuwahi kuwa na furaha kama ile tangu nizaliwe.

Danford peke yake hakucheka. Alikuwa anawatazama wachezaji waliokwisha kushuka, wamejipanga ukutani.

"Ulisema njuga ngapi?" akaniuliza.

"Kumi na sita."

"Kutoka vibati viwili."

"Viwili. Vya nguzo ya nne tu. Naapa."

"Hawa pamoja na walioko juu ni watu kumi na sita," akasema. "Kila mtu ana njuga mbili."

Nikawatazama miguu. Zote mpya. Zote za chuma kile kile cha bluu kilichotoka melini. Thelathini na mbili, hakuna hata moja ya zamani.

Danford akaokota spana yake, akaenda kwenye nguzo ya tatu, akakanyaga gunia, akanyoosha mkono kwapani, akagonga.

Haikusema ngaa. Ilisema ko, ko, kama mlango wa nyumba ya mtu.

"Kasmiri." Petronila alikuwa amekuja kando yangu. "Baba alitaka thelathini na mbili."

"Uliniambia ameridhika."

"Aliridhika kwa sababu mhunzi alinitengenezea zilizobaki, nikampelekea. Nilimwambia ni wewe umezituma."

"Vibati ulitoa wapi?"

Nikaikumbuka spana yangu ndani ya debe la chokaa.

"Nilikuona ulivyofanya kwenye ile ya nne," akasema. "Nikaona imesimama."

Mchezaji wa mwisho alikuwa ameshafika chini, juu amebaki mzee peke yake. Mzee Wanzagi akageuka, akashusha mguu kwenye ngazi, fimbo kwapani, bado anacheka. Ngazi ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya tatu.

"Ng'ombe kumi na wawili," alikuwa anasema akishuka kinyumenyume, "na dume moja jeusi, Kasmiri, hilo sipunguzi."

Njuga zake zikalia kwenye kipago cha kwanza cha ngazi. Juu ya kichwa chake, pale sahani inaposhika nguzo, mstari mweupe ukabanduka, umenyooka kabisa. Ukafuata wa pili. Unga ukatua kwenye kofia yake nyeusi, hakuuona.

Akisimama palepale, dari lote linamwangukia. Akiharakisha, anatikisa kilichobaki. Kila mtu mle ndani alikuwa ananitazama mimi fundi niseme lipi, Petronila amenishika mkono kwa kucha zake zote, na mimi nilifungua mdomo nikiwa sijui.